UZI: Silaha za kale na zile zilizoundwa upya kwa malighafi za leo: kisasa kinashinda wapi, kinashindwa wapi?

Mwinyi_wa_Langoni (mleta mada)

Asalaam aleikum wanabaraza.

Kuna kauli inayozunguka sana, hasa kwa vijana wanaokesha YouTube: chukua silaha yoyote ya zamani, iunde upya kwa titani (metali nyepesi) au nyuzi za kaboni, na ile ya kale itabaki pambo la ukutani. Mimi naipinga. Umbo la silaha ya kale lilitokana na malighafi iliyokuwepo, likarekebishwa kizazi baada ya kizazi mpaka vikakaa sawa. Ukibadilisha malighafi ukaliacha umbo, waweza kupata kitu kibaya kuliko cha kwanza. Ukibadilisha na umbo utapata kitu kikali kweli, ila hicho ni chombo kingine.

Nianze na upanga, maana hapa Lamu kila nyumba kongwe ina wake au inadai ulikuwepo. Nasema ule mnyoofu wa Kiomani, makali pande mbili, mpini wa mviringo usio na kinga ya mkono. Ukipata wa asili, pitisha kidole gumba bapani kutoka mpinini kwenda nchani. Utasikia chuma kinavyopungua unene, na huko mwisho kinakuwa chembamba hadi unaingiwa na wasiwasi. Utikise kidogo: bapa zima linatetema. Waomani kwenye razha, ngoma yao ya panga, huutetemesha makusudi mpaka ukalia, kisha huurusha juu na kuudaka kwa mpini. Bapa nyingi za panga hizi zilitoka Ulaya kwa njia ya biashara, Solingen ya Ujerumani ikiwemo.

Sasa chukua nakala ya jua kali iliyofuliwa kwa springi ya Land Cruiser. Kwa ubora wa chuma chenyewe, springi inashinda. Ina kaboni kama asilimia 0.6 na kromi kidogo, imetoka kiwandani safi, haina mavi ya chuma ndani, na kazi yake ya kuzaliwa ni kupinda na kurudi. Mhunzi wa kale alipigana na chuma kichafu cha tanuri la udongo; ilimbidi akikunje na kukiunganisha tena na tena ili uchafu utawanyike. Mtafiti wa Kiingereza Alan Williams amezipima panga nyingi za kale za Ulaya na kukuta hazilingani hata kidogo: moja ina kiini cha chuma laini na makali ya pua (chuma kigumu), nyingine imetiwa ugumu vizuri, nyingine ilitoka motoni ikiwa laini.

Lakini ushike huo wa springi. Fundi ameacha unene uleule kutoka mpinini hadi nchani, vile springi ilivyokuja. Uzito wote uko mbele, kiganja kinachoka kabla hujafanya lolote. Upanga wa vita wa mkono mmoja, uwe wa Ulaya au wa kwetu, kwa kawaida ulikuwa kilo moja na ushee tu. Nakala za watalii hupita hapo sana, halafu watu wanasema wazee walikuwa majitu.

Titani ndiyo kabisa. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.5, ya chuma ni karibu 7.8. Wepesi huo unasikika kama neema mpaka ukumbuke kwamba upanga hukata kwa uzito unaokwenda mbio. Titani ya ndege haishiki ugumu: kwa kipimo cha Rockwell ni kama 36, wakati makali ya upanga mzuri huanza 50 kwenda juu. Tena kwa nguvu ileile inapinda karibu mara mbili ya chuma. Ukitaka isipinde, iongeze unene, na ukiiongeza unene unakata kwa kabari. Faida yake hapa pwani ni moja: haishiki kutu.

Na msidhani pwani hii ilikuwa ya kununua tu. Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154 huko Sicilia, alisema watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo inayowapa faida kubwa kuliko zote. Huko India na Sri Lanka ndiko kulikotengenezwa ile pua ya kuyeyushwa ndani ya chungu, yenye kaboni kama asilimia 1.5 na michirizi kama maji, ambayo Wazungu waliiita ya Dameski. Ustadi wake ulipotea kufikia karne ya 19. Mwaka 1998 John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray wa Marekani walieleza walivyoirudisha: siri kubwa ilikuwa vanadi, aina ya metali, kidogo sana iliyokuwemo kwenye madini ya asili. Machimbo yalipobadilika, wahunzi walifuata njia ileile ya baba zao na michirizi ikakataa kutokea. Kwa uzuri haina mpinzani. Kwa kazi, chuma cha kawaida cha kiwandani kilichotiwa moto sawasawa hakibaki nyuma yake.

Karibuni mnipinge.

Injinia_Mambrui

Wa aleikum salaam, Mwinyi. Kwenye upanga niko nawe. Kwenye upinde unazama.

Chukua upinde wa mtambo wa Ulaya, ule unaolazwa juu ya kitako na kufyatuliwa kwa kidole. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ralph Payne-Gallwey alichukua mmoja wa karne ya 15, wa chuma, unaohitaji nguvu ya pauni 1,200 kuuvuta kwa winchi. Ulirusha mshale mfupi wa gramu 85 kama mita 400. Ajabu, sivyo? Sasa tazama wa madukani leo: pauni 200 tu, na mshale mwepesi unatoka kwa kasi ya mita 120 hivi kwa sekunde. Nguvu ya kuvuta ni sehemu ya sita, na nishati inayobebwa na mshale haipungui, pengine inazidi.

Sababu ni mbili. Ule wa kale unasukuma mshale kwa sentimita kama 15 tu, wa leo zaidi ya mara mbili ya hapo. Na mbawa za chuma ni nzito: ukiziachia, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuzisukuma zenyewe, mshale unapata makombo. Faibagilasi kwa kila kilo huhifadhi nguvu ya mpindo mara kadhaa kuliko chuma cha springi, na inarudi haraka. Kwa hiyo malighafi imeshinda, ami yangu. Bila faibagilasi hilo umbo jipya usingelipata. Huwezi kuvitenganisha ukasema hiki ni umbo na hiki ni malighafi.

Kisha kuna upinde wa roda, aliobuni Holless Wilbur Allen wa Missouri mwaka 1966 na kupewa hataza 1969. Watu wa majahazi mtauelewa haraka. Kila ncha ina roda, gurudumu dogo la kupitishia kamba, ila tundu la ekseli haliko katikati. Unavuta kwa tabu, unafika kilele, kisha roda inageuka na mzigo unaanguka. Upinde wa pauni 70 wenye punguzo la asilimia 80 unaushikilia kwa pauni 14. Unaweza kulenga huku ukipumua.

Mwinyi_wa_Langoni

@Injinia_Mambrui hujanipinga, umenisaidia. Roda ziondoe, mbawa zitengeneze kwa umbo la kale, kisha tuone pengo linabaki kiasi gani. Bahati nzuri jambo hilo limepimwa kwa masafa. Waturuki walikuwa na pinde za pembe, kano na mti, zilizogandishwa kwa gundi. Mwaka 1798 Sultani Selim III alirusha mshale zaidi ya mita 880. Mwaka 1987 Mmarekani Don Brown, na upinde wa mkono wa malighafi za kisasa usio na roda, alifika zaidi ya mita 1,200. Ni nyongeza ya kama theluthi moja, baada ya karibu miaka 190 ya kemia na viwanda vyote hivyo. Pembe na kano zilikuwa tayari karibu na ukomo.

Ila nakupa hili: gundi ile ingekufa hapa. Inatokana na ngozi na vibofu vya hewa vya samaki, inapenda ukavu. Ulete upinde huo Lamu wakati wa masika, uache wiki mbili ukutani, uone kama haujaanza kufumuka. Hapo faibagilasi inashinda bila mjadala.

Bint_Faza

Nyie wanaume mnazungumza vita wakati silaha za kwetu siku hizi zinaonekana kwenye Maulidi na harusi tu.

Mfano kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Bakora ya henzerani inapogongana na nyingine inameza pigo, inapinda, inarudi. Kuna mtu wa nyumbani kwetu alikuja uwanjani na fimbo ya alumini kutoka Mombasa, eti nyepesi na haivunjiki. Haikuvunjika kweli. Ilivunja furaha ya mwenzake, maana pigo lote lilishuka hadi vidoleni. Wazee wakamwambia kwa adabu akae kando apige makofi.

Na mmesahau jambia. Hapo malighafi mpya ilikuwa na maana kuliko hayo ya titani. Miaka ya 1970 Yemen Kaskazini ilikuwa ikinunua pembe za kifaru kwa wingi, kwa ajili ya mipini ya jambia, na vifaru wa Afrika Mashariki waliuawa kwa sababu hiyo. Uingizaji ukapigwa marufuku huko mwaka 1982. Leo mipini mingi ni ya pembe ya nyati wa maji au ya plastiki. Bapa lile lile, ala ile ile, na mvaaji hapungukiwi heshima. Wale wanaosema ya plastiki si jambia waende wakamweleze kifaru.

Mwinyi_wa_Langoni

@Bint_Faza hapo umepiga penyewe, dada yangu. Tena jambia ni mahali pekee ambapo ningesema badilisha malighafi, umbo usiliguse.

BwanaHarusi2Be

Wakubwa shikamooni. Mimi naoa mwaka huu inshallah, hapa Lamu. Joho ninalo, kilemba ninacho, jambia naazima kwa mjomba. Upanga sina. Nimeona mtandaoni wa chuma kisichoshika kutu, unang'aa kama kioo, na bei ni rahisi. Mnasemaje? Si wa kupigana jamani, ni wa kushika tu.

Fundi_Marafa

Marahaba mwanangu, na Mungu akujaalie heri.

Ukiushika tu bila kuutikisa, nunua. Lakini najua harusi za kwenu, zumari ikilia kuna rafiki atauchukua acheze nao. Hizo za kung'aa nyingi msuka wake, ule mkia wa bapa unaoingia mpinini, ni kijiti chembamba kama msumari, kimechomelewa nyuma ya bapa. Ukiuzungusha kwa nguvu panakatika pale pale pa kuchomelea, na bapa linaruka kwa wageni. Na hicho chuma cha kromi nyingi kinafaa kisu cha jikoni, kifupi. Kwenye urefu wa mkono mzima kinaweza kukatika kama biskuti.

Sasa nijibu kuhusu springi, maana ndiyo kazi yangu. Mleta mada amesema kweli kuhusu unene, lakini si uvivu, ni mteja. Kupunguza unene kuelekea nchani ni nusu ya kazi yote, na mteja hataki kulipia kitu asichokiona. Kingine ambacho hamjakitaja: springi iliyokwisha kutembea barabara ya Marafa miaka yote hiyo ina nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Naitundika kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Ikilia safi naichukua. Ikitoa sauti ya kukwaruza naitupa, hata kama nimeinunua. Wengi hawafanyi hivyo, kisha upanga ukikatika wanalaumu chuma.

Moto nao. Springi naitia kwenye mafuta, siyo maji, maana majini inaweza kupasuka hapo hapo. Ikitoka ni ngumu lakini inakatika ovyo. Naisugua mpaka iwe nyeupe, naipasha tena taratibu, inapita rangi ya majani makavu, inaingia zambarau, ikifika buluu naiondoa. Kwa upanga mrefu buluu ndiyo yenyewe. Kwa kisu naiondoa mapema.

BwanaHarusi2Be

Shukran mzee. Basi hiyo ya kung'aa nimeiacha.

Kijana_Mkomani

Mbona hakuna anayezungumzia gobori? Hapo kisasa kimemaliza kazi kabisa, ama?

Mwinyi_wa_Langoni

@Kijana_Mkomani, hata hapo si vile unavyodhani. Huko Graz, Austria, kuna ghala la silaha la karne za 16 na 17 lililobaki kama lilivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walizitoa baadhi ya bunduki zile zenyewe, wakazifunga kwenye mtambo na kuzipima. Risasi nyingi zilitoka kwa kasi ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Hiyo ni kasi kubwa kuliko ya bastola nyingi za leo! Baruti nyeusi si dhaifu. Ubaya ulikuwa mtutu usio na mifereji na risasi ya mviringo: inapoteza kasi haraka hewani na inakwenda inakotaka. Chuma cha leo ukikitia kwenye gobori lile lile, utapata gobori lisilopasuka usoni kwako, basi. Kilichogeuza mambo ni mifereji ndani ya mtutu, risasi yenye ncha, na baruti isiyo na moshi ya Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Umbo, umbo, umbo.

Na kwa kuwa unatoka Mkomani, kumbuka vita vya Shela, hapa hapa Lamu, kama mwaka 1812. Watu wa Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuja na silaha zisizopungua za Lamu. Waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yametoka na madau yamepwelewa. Hakuna titani inayosaidia hapo.

Injinia_Mambrui

Kabla uzi haujalala niweke hili kuhusu kinga, maana mishale na kinga ni mtu na pacha wake. Mwaka 2019 Waingereza kina Tod Todeschini walifanya jaribio zuri: kifuniko cha kifua kilichofuliwa kwa mfano wa wakati wa vita vya Agincourt, 1415, chuma chenye unene wa milimita 2.5 katikati, na mpigaji mwenye upinde wa mti wa pauni 160, mishale ya gramu 80 hivi. Haikupenya. Iliacha alama, mishale ikavunjika, vipande vikaruka kuelekea shingoni.

Sasa mvalishe mtu fulana laini ya kuzuia risasi, ya Kevlar, nyuzi zilizogunduliwa na Stephanie Kwolek mwaka 1965. Risasi ya bastola inanaswa. Ncha nyembamba ya mshale au ya msumari inazisukuma nyuzi kando na kupita. Kinga ya kisasa iliyotengenezwa kuzuia kitu kimoja inaweza kushindwa na kitu cha kizamani. Kwa hiyo Mwinyi, nakubali nusu ya hoja yako. Ukiuliza nini kina nguvu, lazima kwanza useme dhidi ya nini.

MzeeWaGanze

Wanangu, nimesoma tangu juu. Mmezunguka Uturuki na Uingereza, mkaruka upinde ulio nyuma ya nyumba.

Majirani zetu Waata, huko nyuma ya Malindi, kando ya mto Galana hadi Tsavo, waliwinda ndovu kwa upinde wa mti. Wazungu walipoupima walikuta baadhi zinavuta zaidi ya pauni 100, sawa na pinde za vita za Waingereza, zile zilizotolewa kwenye meli ya Mary Rose iliyozama 1545. Mtu mmoja, mwembamba, bila winchi wala roda.

Lakini upinde ulikuwa nusu ya silaha. Nusu ya pili ilikuwa sumu iliyopikwa kutokana na mti wa msungu, ikapakwa nyuma ya chembe, ile ncha ya mshale, na kufungwa kwa ngozi isikauke. Sumu hiyo inausimamisha moyo. Upinde ulikuwa na kazi moja tu: kuipitisha sumu kwenye ngozi ya ndovu mpaka ifike penye damu. Ndiyo maana mshale ulikuwa mzito na mrefu. Ukimpa Mwaata mshale mwepesi wa kaboni wa huyu injinia, wenye kasi ya kutisha, utafika haraka na kusimama haraka.

Hayo ni ya zamani. Miaka ya 1950 serikali iliwakamata wengi wao kwenye kampeni ya kupambana na ujangili huko Tsavo, na uwindaji wote ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sitaki kijana asome hapa akaingia porini.

Injinia_Mambrui

@MzeeWaGanze heshima yako mzee. Hoja ya uzito naikubali, mshale mzito unabaki na msukumo. Lakini upinde wa roda unarusha hata mshale mzito, na unaushikilia kwa urahisi ukisubiri ndovu ageuke. Kwa mwindaji yule yule, na sumu yake ile ile, si angepata zaidi?

MzeeWaGanze

Angepata zaidi siku ya kwanza. Uzi wa huo upinde wako ukikatika, unabadilishwaje?

Injinia_Mambrui

Unahitaji kifaa cha kuzibana mbawa ndipo uzi utoke. Madukani wanacho.

MzeeWaGanze

Huko Galana duka liko wapi? Mwaata upote ukikatika alikuwa na mwingine kiunoni, na upinde ukivunjika alikata mti mwingine kwa kisu chake. Hicho nacho kipimeni, mkiandike pamoja na hizo pauni.

Mwinyi_wa_Langoni

Nimekiandika, mzee wangu. Nitaiongeza kwenye bandiko la kwanza: nguvu, uzito, masafa, na urahisi wa kutengeneza kinapoharibika ukiwa mbali na fundi. Mwenye habari za mizinga ya Wareno afungue uzi wake, tutahamia huko.

BwanaHarusi2Be

@Fundi_Marafa, nikija Malindi nije na nini? Nataka ule unaotetema kama alivyosema mleta mada.

Fundi_Marafa

Njoo na mjomba wako mwenye jambia, yeye ndiye atakayelipia. Na uje mapema, kupunguza unene si kazi ya siku moja. Bapa likishatoka, lipake mafuta ya nazi kila wiki, hewa ya Lamu haina huruma.